Mudogo Wangu Kwenye Tableti Yangu

Daktari alipomweleza binti yangu kwamba kumbukumbu yangu inapungua, binti aliniletea tableti yenye mazoezi ya akili. Kila asubuhi nilipaswa kutazama picha, zikishafichwa niguse zile nilizoziona. Mudogo wangu, anayeniita Yaya kwa kuwa mimi ni dada yake mkubwa, alikuwa amehamia kwangu baada ya kufiwa na mume, akaombwa anisaidie kuiwasha tu.

Hakuishia hapo. Alivuta kiti mpaka mabega yetu yakagusana, na kabla sijafungua mdomo alishasema, "Yaya, ni sombe! Ile haiko lengalenga!" Kidole chake kikawahi kioo, kwenye majani ya muhogo, si kwenye mchicha. Mashine ikapiga makofi. Makofi yangu hayo!

Siku nyingine natoka kufua, namkuta anacheza peke yake, miwani yangu puani, amefika ngazi ambayo mimi sijaiona bado. Binti alipokuja Jumapili baada ya misa, akamsifu: "Mama mudogo, uko na akili sana!" Kisha akanigeukia mimi: "Mama, jikaze." Tangu utoto wetu kule Masisi, yeye ndiye aliyesifiwa, kwa sauti, kwa nywele, kwa kucheka. Sasa alikuwa ananishinda mpaka kwenye ugonjwa wangu.

Kesho yake nikaifungia tableti kabatini. Aliitafuta nyumba nzima, mwishowe akaketi sakafuni, miwani yangu mkononi.

"Kwani mgonjwa ni wewe?" nikamuuliza kwa ukali.

"Yaya, ile siku nilichelewa kutoka sokoni Birere, nilikudanganya. Nilipotea. Nilisimama katikati ya watu, sijui nyumba iko upande gani. Niliogopa kukuambia."

Sikumkumbatia. Kwanza nilikasirika kwamba hata kusahau hakuniachia peke yangu. Halafu nikaitazama ile miwani mkononi mwake, nikaenda kufungua kabati, nikampa tableti, nikaketi sakafuni karibu naye.

Binti alimpeleka kwa daktari yuleyule, naye akapewa mazoezi hayohayo. Siku hizi kila mmoja wetu ana jina lake ndani ya mashine: yeye anacheza asubuhi, mimi baada ya chakula cha mchana, na hakuna kuambiana majibu. Bado ananipita. Akienda kuoga, mimi huchungulia amefika ngazi gani. Nikikuta amekwama, siku hiyo namwongezea nyama kwenye sahani, na yeye hajui kwa nini.