Nilimlisha Mama Mkwe Skonzi ya Nguruwe Ijumaa Kuu

Wacha niseme tu, na mkitaka mnitukane. Nilikosa, na nilikosa nikijua. Hakuna shetani aliyenisukuma, msinitafutie kisingizio. Ni maringo.

Maringo ya nini? Ya skonzi! Skonzi, jameni! Zile za Pasaka zenye msalaba juu. Mtu mzima kama mimi, nimesoma nikamaliza, nina bwana, nina nyumba, nikajiaibisha kwa sababu ya skonzi za supamaketi.

Ninaishi Nairobi, mtaa wa Fedha, na mume wangu, tumwite Barasa. Mama yake yuko Makongeni, kwa zile nyumba za reli, maana marehemu mzee alikuwa mtu wa reli. Sisi ni Wakatoliki. Kila Ijumaa Kuu tukitoka Njia ya Msalaba, familia yote inaishia kwake. Tumefunga tangu asubuhi, midomo imekauka, jua la Jogoo Road limetumaliza. Mama anatoa chai ya rangi na skonzi alizooka mwenyewe kwa sufuria, makaa chini, makaa juu ya kifuniko. Mdalasini, zabibu chache, msalaba wa unga, basi. Miaka nenda miaka rudi ni hizo hizo.

Na mimi nilikuwa nazidharau. Upande huu zimeungua, upande ule zimepauka. Nilikuwa nikisema moyoni, hawa watu hawajui dunia ilisonga?

Tena nilidhani Mama hanipendi. Mimba zangu mbili zilitoka, na yeye hajawahi kuniuliza hata neno moja. Hata pole ya mlangoni hakuniambia. Nikaamua ananyamaza kwa sababu hanioni kuwa mtu. Basi nikataka anione.

Nikampigia simu. "Mama, mwaka huu usijisumbue kuoka. Skonzi ni zangu."

Akaniuliza, "Una hakika, mwanangu? Unga nimeshanunua."

"Mama, pumzika! Nitaleta za kisasa."

Za kisasa! Nikikumbuka hayo maneno natamani kujizaba kofi.

Haya, nikaingia supamaketi. Mungu wangu, rafu nzima! Za chokoleti. Za stroberi. Za kahawa. Nani alikaa chini akafikiria skonzi ya kahawa? Ukishaila, chai utakunywa ya nini? Ile ya stroberi msalaba wake ulikuwa wa pinki, na ilinukia sabuni ya kuogea. Mtu mwenye akili angerudi nyumbani. Mimi nikachukua kila aina.

Pakiti moja ilikuwa ya jibini na beikoni, ile nyama ya nguruwe. Hapa mnisikize vizuri, kwa sababu dhambi yenyewe ndiyo hii. Niliisoma. Neno beikoni silijui? Si kila Jumapili namkaangia Barasa? Na Ijumaa Kuu nyama hailiwi, hata mtoto wa komunio anajua. Lakini nikajiambia, ni vipande vidogo vidogo, ni ladha tu, nani atatambua? Nilitaka sinia yangu ijae.

Asubuhi yake nikazitoa zote, nikazipanga kwa sinia, nikatupa pakiti. Mtu asiye na hatia hana haraka hiyo ya kutupa pakiti.

Tukafika Makongeni. Wifi yangu Nekesa, dadake Barasa, mwenye mdomo usio na breki, akafunua sinia yangu akashika kiuno.

"Mayoo! Nani amemwagia skonzi rangi ya kucha?"

Watu wakacheka. Akagonga ile ya chokoleti kwa meza. "Na hii ni ya kula, ama tuzibie ukuta?"

Nikaona aibu, nikaona hasira. Na ukweli usemwe, hakudanganya. Ya chokoleti ilikuwa kavu kama vumbi, ya kahawa ilikuwa chungu, ya stroberi ilikuwa ni sukari na uongo. Watu walikuwa wanauma mara moja, wanarudisha pole pole, wanasingizia chai ni moto.

Mama ndiye aliyenitetea. "Nekesa, koma. Mwenzako ameleta, tunashukuru."

Mngetulia hapo nyinyi, sindio? Mimi nikataka ushindi. Nikatafuta ile moja ambayo angalau ilikuwa laini, nikamwekea Mama kwa mkono wake. Ndiyo, ile. Nilijua ni ile.

"Mama, jaribu hii ya jibini."

Nekesa akachungulia. "Hivi vyekundu ni nini?"

"Ni pilipili hoho," nikasema, bila hata kupepesa macho.

Mama akala. Akatafuna taratibu, akakubali kwa kichwa. "Hii ni tamu," akasema. "Hii kweli ni tamu." Na mimi nikavimba! Nikamwangalia Nekesa kwa jicho la umeona sasa.

Ndipo mume wangu, ambaye hajui kunyamaza akiwa na chakula mdomoni, akauma ya kwake. "Babe, si hii ni ile beikoni yetu ya Jumapili?"

Nekesa akaweka kikombe chini.

Mama akaniangalia. "Nguruwe?"

Nilijaribu kusema sikujua, na mdomo ukakataa, kwa sababu macho yangu yalikuwa yameshanisaliti. Mama akaweka kipande kilichobaki kwa meza, akatoka nje kwa mfereji wa bomba. Tukamsikia akisukutua, akitema, akisukutua tena.

Nekesa akanigeukia, na safari hii hakuwa anacheka. "Unajua umefanya nini wewe? Mama hajaonja nyama tangu Jumatano ya Majivu! Hata supu! Tulienda mazishi nyumbani kijijini, watu wanakula ng'ombe mzima, yeye akala wali mkavu. Ana nadhiri, na ilikuwa imebaki kesho tu!"

"Nadhiri ya nini?" nikauliza.

"Amekataa kusema. Si umuulize mwenyewe?"

Nikamfuata. Nilimkuta ameketi kwa kile kibao cha kufulia, anajipangusa mdomo na leso. Nikapiga magoti hapo kwa maji. Nikamwambia, Mama, nilijua. Nilisoma pakiti. Nilikudanganya.

Hakunifokea. Afadhali angenifokea! Aliniangalia tumbo, halafu akaniangalia uso.

"Nilijua una mtoto tangu siku ile ulikimbia harufu ya dagaa wa omena," akasema. "Sikutaka kuuliza. Wale wawili wa kwanza watu waliongea sana, nikaona maneno mengi si mazuri. Huyu nikamwachia Mungu kimyakimya."

Woi! Nilidhani dunia inanimeza. Mimba hiyo ilikuwa ya miezi minne na hakuna aliyeijua ila Barasa, kwa sababu niliogopa kutaja. Kumbe huyu mama niliyesema hanioni, alikuwa amefunga Kwaresima yote kwa ajili ya tumbo langu. Na mimi ndiye niliyemfungulia, kwa nguruwe, kwa mkono wangu mwenyewe.

Nikalia mpaka nikatapika. Angalau hizo skonzi zilipata mahali pake.

Msiniambie ni ushirikina. Mimi pia nilikuwa mjanja hivyo. Siku hizi tumbo likikaza kidogo tu, skonzi ile inanijia mbele ya macho, na usingizi unapotea. Daktari anasema kila kitu kiko sawa. Daktari hakuwa Makongeni siku hiyo.

Barasa aliniuliza swali moja tu tukirudi nyumbani: "Kama ningenyamaza, ungesema ukweli?"

Jumapili ya Pasaka tulirudi kwa Mama, maana usipoenda ni kama umekufa. Kuku alikuwa amepikwa Kiluhya, mchuzi unaita watu kutoka ploti ya tatu. Mama akampakulia kila mtu kwa mkono wake. Alipomaliza, yeye akajichotea ugali na sukuma wiki, akaketi.

"Mama, si Kwaresima imeisha?" Barasa akauliza.

"Ya wengine imeisha," akasema. "Mimi nimeanza upya."

Siku arobaini zingine! Mwanamke wa umri ule! Nikasukuma sahani yangu, nikamwambia basi tufunge pamoja, mimi ndiye niliyeharibu.

Nyinyi wenzangu mnaopenda kuonyesha watu dunia imesonga, haya ndiyo ninayowaambia. Ukiona supamaketi imepaka skonzi rangi ya kucha, pita. Ukiambiwa na mtu unga ameshanunua, mwache aoke, na zikiungua, kula zilizoungua. Na kama umesoma pakiti, usijifanye hujui kusoma. Usidhani mtu akinyamaza amekusahau.

Mimi sikuruhusiwa hata kulipa. Mama aliirudisha ile sahani mbele yangu, akaniongezea paja.

"Wewe kula," akasema. "Nyinyi mko wawili."