Sufuria ya Doha

Jirani yetu muuza kabeji, mtu wa Werugha, hapimi safari ya ndege kwa saa wala kilomita. Bintiye Mghoi akipanda ndege Nairobi kurudi kazini Doha, yeye huku Voi huteleka sufuria ya mahindi makavu na maharagwe. Huchochea moto akiimba nyimbo za kanisani, mara kwa mara akibonyeza punje kwa vidole vyake vinene. Ikilainika, hushusha pumzi: “Sasa ametua.”

Jana kuni zilinyeshewa, moto ukawa wa kusuasua. Simu ikalia. “Mama, nimefika salama!”

Akabonyeza punje, akakunja uso. “Umefika wapi, na mahindi bado ni magumu? Keti hapo hapo uwanjani, mwanangu, usitoke mpaka yaive.”