Pii, Pii, Chini ya Meza

Watu wa Machakos hawamwiti fundi wa kompyuta mpaka mashine ife kabisa. Ikianza kukohoa wanaipiga kofi, wanaizima na kuiwasha, wengine hata wanaiombea. Ikishakata roho ndipo simu yangu inalia: "Fundi, uko wapi?" Niko wapi! Nyinyi mlikuwa wapi?

Basi nilifika kwa yule mzee wa studio nikiwa nimeshanuna. Studio yake ilikuwa chumba kimoja nyuma ya soko, kuta zimefunikwa magodoro ili kelele za nje zisiingie, na kwaya nyingi za huku kwetu zimewahi kuimba mle ndani. Kila alichorekodi alikiweka kwenye seva, boksi jeusi chini ya meza. Asubuhi hiyo ilikataa kuwaka.

"Mwiitu," aliniita, vile Wakamba wanavyomwita binti, "kwaya ziko na nakala zao. Mimi nataka wimbo mmoja tu. Mama watoto aliimba kabla alazwe."

Mkewe alikuwa amezikwa juzi juzi tu, Kangundo. Nikaacha kununa.

Seva ile ilikuwa na diski mbili zinazoandika kitu kilekile, ili moja ikifa, nyingine ibaki na kila kitu. Kwa hiyo sikuwa na wasiwasi mkubwa. Nilibadilisha waya, nikahamisha diski ya kwanza mahali pengine: kimya, hata haizunguki. Nikajaribu ya pili. Hiyo ilizunguka, lakini nilipoitegea sikio nikasikia kwaru, tik, kwaru, tik. Kile kichwa cha kusomea kilikuwa kinakwaruza sahani ya ndani, na kila mzunguko kinafuta kidogo. Nikazima haraka.

Ni nadra diski mbili kufa siku moja. "Mzee, hii ya kwanza ilikufa zamani," nikamwambia. "Mashine haikupiga kelele?"

"Ilipiga. Pii, pii, kutwa nzima."

"Ukafanya nini?"

"Nilikata waya ya hiyo kelele. Ilikuwa inaingia kwa rekodi."

Aiya! Mdomo wangu hauna breki. Nikamwambia ile kelele ndiyo iliyokuwa inaomba msaada, na kwamba sikio la kufa halisikii dawa. Alitazama magodoro ukutani, kisha akasema polepole kwamba siku aliyokata waya ndiyo siku mkewe alikuja kuimba. Alitaka sauti yake itoke safi. Nilitamani ardhi inimeze.

Tulituma ile diski ya pili Nairobi, kwa wale wanaozifungua katika vyumba visivyo na vumbi. Jibu lilikuja fupi: sahani imechubuka, hakuna kitu. Nilienda kumwambia mwenyewe, maana habari kama hiyo haipigiwi simu. Alisema, "Sawa," akanimiminia chai. Sikuweza kuimaliza.

Binti yake ndiye aliyekumbuka. Siku ile mama aliimba mara mbili. Mara ya kwanza iliharibiwa na ule mlio, lakini yeye, akiwa ameketi pale pembeni, aliinasa kwa simu yake na kumtumia mama yake mdogo kule Matuu. Kwake ilikuwa imeshafutika, wakampigia mama mdogo. Kumbe alikuwa hajaifuta.

Tuliisikiliza pale studio, kwa spika kubwa za mzee. Ulikuwa wimbo wa mwethya, ule wa wanawake wakichimba matuta kwa pamoja. Sauti ilikuwa nyembamba, imechoka, lakini haikupotea njia hata mara moja. Nyuma yake, pii, pii. Nikasema mlio huo naweza kuupunguza. Mzee akaniashiria ninyamaze.

Kabla ubeti wa pili haujaisha, sauti ya mzee mwenyewe iliingia kwenye rekodi kwa ukali: "Simama, simama! Hiyo takataka inaharibu. Wacha niizime kwanza."

Mkewe akacheka, akakohoa kidogo. "Haya, mzee wangu, zima. Nitarudia."

Inaishia hapo. Binti alikuwa analia, na mimi nilikuwa ninaangalia waya sakafuni ili nisimwangalie mtu.

Mzee akaicheza tena. Ilipofika pale pa "simama", aliinamia spika, akaiambia, "Nyamaza wewe. Mwache aimbe."