Kabla ya Rwanda Kuna Bafu Letu

Jirani yetu hapa kijijini Chonyonyo alipomaliza ghorofa lake, hatukupumua. Ukiwa chini, alituambia kila Jumapili nje ya kanisa, macho yako yanaishia kwenye migomba ya mwenzako. Panda juu kidogo tu, utaona mabonde na vilima hadi milima ya Rwanda. Kila mgeni alipandishwa roshani. Kwaya nzima ilipandishwa. Mimi nilichefuka kumsikiliza, maana kabla ya Rwanda kuna bafu letu.

Bafu la mama ni la matete, halina paa, liko katikati ya kibanja chetu. Miaka yote migomba ilitosha kumsitiri. Huku kwetu baridi haina huruma, na mama ana magoti mabovu. Raha yake ilikuwa moja tu: akitoka kupalilia alasiri, anabeba ndoo yake na kuoga taratibu, jua likimpiga mgongoni.

Nikaenda kumwambia jirani azibe upande wa roshani unaotazama bafu. Hata sijaanza, akanipeleka roshani, akanyoosha kidole. Kweli, milima ya Rwanda ilikuwepo, ya buluu, imefifia. Nikashusha macho. Kitenge cha mama kilikuwa kimetundikwa juu ya matete, na mama mwenyewe yumo ndani, povu hadi mabegani.

"Kumbe unamwona!" nikasema.

"Mimi huko siangalii," akajibu. "Ila nikimkuta namsalimia. Mtu mzima hapitwi hivi hivi." Kabla sijamzuia akaegemea ukingo, akapaza sauti kwa heshima zote: "Shikamoo, mama!"

Mama alishtuka, akajikunyata, mikono kifuani. Lakini ni mtu wa adabu, hajawahi kuiacha shikamoo ya mtu bila kuiitikia. Akainua uso.

"Marahaba, mwanangu."

"Huwa anaitika vizuri," jirani akaniambia, anatabasamu.

Huwa! Nilitamani kumtapikia miguuni. Nikashuka ngazi bila kuaga.

Nyumbani nilimkuta mama jikoni, amejifunga kitenge, povu bado nyuma ya sikio.

"Na wewe amekupandisha," akasema.

Nikamwambia nilikwenda kumgombeza. Nikamwambia kesho naleta bati, niezeke bafu. Nilidhani atakataa kwa ajili ya lile jua lake. Akasogea karibu na moto, anatetemeka.

"Ezeka tu," akasema. "Hilo jua nimeshalichukia."