Saini ya Juu na Saini ya Chini

Mimi ni mtu wa kurudia. Nikifunga mlango wa duka, narudi kuusukuma. Nikihesabu kopi za mteja, nazihesabu tena akiwa ananitazama. Nafanya kazi kwenye duka la steshenari hapa Iyunga, Mbeya. Tunapiga picha za pasipoti, tunatoa kopi, tunauza peni. Kati ya mteja na mteja nilijifundisha kupima saini za watu maarufu, kwa video na kwa chochote nilichoweza kusoma kwenye simu. Jezi zilizosainiwa na wachezaji, kava za santuri, picha za wanamuziki. Sina cheti. Wakusanyaji wa kundi letu la mtandaoni hunitumia picha, nami nawaambia ninachokiona, kisha chakula hakipiti kooni nikiwaza kwamba nimekosea.

Kwa hiyo mama mkubwa aliponipigia simu kutoka Mafinga, nilitaka kukataa.

Mama mkubwa ni dada wa mama yangu. Mume wake, dereva wa lori la mbao, alikuwa ametutoka mwaka uliotangulia. Sebuleni kwao, mkabala na dirisha, kulikuwa na picha ya mwanamuziki mmoja wa dansi, naye sasa marehemu, ambaye wazazi wetu wote walicheza nyimbo zake ujanani. Juu ya picha kulikuwa na saini yake na maneno, "Kwa mama wa nyumbani." Baba mkubwa alisema basi la bendi lilikwama kwenye tope, akalivuta kwa lori lake, na mwanamuziki akamshukuru kwa picha ile. Hakutaka aandikiwe yeye. Aliomba aandikiwe mke wake.

Hadithi hiyo aliisimulia sana, hasa penye ulanzi, ile pombe ya mianzi, na watu walimcheka. Siku ya kujengea kaburi lake, mdogo wake, ambaye mimi namwita baba mdogo, alisema mbele ya wageni kwamba ile saini aliiandika kaka yake mwenyewe. Alimwona kwa macho yake, mezani, kalamu mkononi. Wageni walicheka bila ubaya, kama watu wanavyocheka wakishachoka kulia. Mama mkubwa hakucheka.

"Picha siuzi," aliniambia kwenye simu. "Nataka kujua tu kama nilizeeka na mtu mkweli."

Jumamosi nilipanda basi.

Alinipokea kwa "Kamwene, mwanangu," akaniwekea chai ya maziwa na viazi vya kuchemsha. Baba mdogo alikuwa ameshafika kutoka kwenye mashine ya kupasulia mbao, vumbi la msonobari bado kwenye nyusi.

"Karibu, mtaalamu," alisema. "Hivi mtu akisomea kwenye simu, cheti anapewa na simu?"

Nilicheka, huku nikifuta viganja kwenye sketi.

Tuliitoa picha kwenye fremu, na nilichokiona kikanivunja moyo. Mtu anayesaini jina lake mwenyewe hana haja ya kufikiri. Mkono unakimbia, na pale unapokimbia mstari unakuwa mwembamba. Anayeiga huenda taratibu, kama aliyebeba maji kwenye sahani: mstari wake unatetemeka, una unene mmoja, na kila anaposita wino unatuama. Saini ile ilikuwa hivyo kuanzia herufi ya kwanza. Tena ilikuwa ya kalamu nene, ile wanayoandikia namba kwenye mbao.

Baba mdogo aliusoma uso wangu.

Jibu lilikuwa mdomoni. Mtu anayejiamini angelisema na kumaliza chai. Mimi niliomba niangalie tena. Nilijifunika kitenge cha mama mkubwa, mimi na picha, ili nipate giza, nikawasha tochi ya simu na kuilaza ubavuni mwa picha, mwanga ukapita juu yake kama jua la asubuhi juu ya matuta ya viazi.

"Ameanza maombi," nilimsikia baba mdogo.

"Mwache," mama mkubwa alisema.

Chini ya wino mnene kulikuwa na mfereji. Mwembamba, wa peni ya kawaida, umekandamizwa kwenye karatasi. Wino wa peni haushiki vizuri kwenye picha, hilo naliona dukani kila wiki, na jua la dirishani lilikuwa limeumaliza. Lakini njia ya mkono ilibaki. Na haikulingana na wino wa juu. Kwenye kona wino ulipita nje, mfereji ndani. Mwishoni mfereji uliruka juu kwa kasi hadi ukapotea, ilhali wino uliishia njiani kama mtu aliyeogopa. Nililinganisha na saini za mwanamuziki nilizotumiwa na wakusanyaji, alizoziweka kwenye kava za santuri mbele ya mashabiki. Mkia ni ule ule. Peni imeinuliwa pale pale. Maneno ya "Kwa mama wa nyumbani" nayo yalikuwa na mfereji wake.

Nilitoka kwenye kitenge nikiwa na jasho. Nilimwomba baba mdogo anieleze vizuri alichokiona siku ile. Alisema alisimama mlangoni, kaka yake ameinama mezani, ulimi nje kama mtoto wa darasa la kwanza. Alipomwona, akaifunika picha kwa gazeti.

"Nikajua anatunga," alisema.

"Alikuwa anafuatisha saini ya mwanamuziki mwenyewe, baba mdogo. Maandishi ya chini yalikuwa yanafutika."

Mama mkubwa aliichukua picha. Kila mwaka, kabla ya siku ya kuwaombea marehemu, huwa anaenda makaburini na kopo la rangi kupitishia majina upya kwenye misalaba ya wazee wake.

"Kama msalaba," alisema. Kisha, kwa sauti ndogo, "Na mimi nilikuwa naitazama kila asubuhi. Hakutaka niione ikiisha."

Hapo wasiwasi wangu ukanirudia. Nikaanza kueleza kwamba sikuwapo, kwamba sina vifaa, kwamba uhakika kamili haupo.

"Mwanangu, hapa si mahakamani," alisema. "Kunywa chai."

Sijui kama anajua alichonipa kwa maneno hayo. Ilikuwa mara ya kwanza mtu kunitegemea kwa jambo zito bila kunidai nisiwe na kosa. Nilikunywa chai, na viazi nikamaliza.

Baba mdogo aliomba kitenge, akaingia mwenyewe. Alikaa humo muda mrefu. "Mkia umeruka kweli," alisema kutoka ndani. Alipotoka alimtazama mama mkubwa. "Shemeji, niliona, ila sikuona yote. Nisamehe."

"Uliona ulichokiona. Sasa kawaambie wa penye ulanzi, maana mimi siendi huko."

Alienda. Namshukuru, kwa sababu tangu siku hiyo hakuna anayeitetea hadithi ile kuliko yeye. Ila sasa anaisimulia na mvua ya mawe, kamba iliyokatika, na mwanamuziki akiimba ndani ya lori. Mimi inaniwasha. Majuzi nilimuuliza mama mkubwa kwenye simu kama tusimsahihishe.

"Aache aongeze," alisema, akicheka. "Marehemu naye alikuwa anaongeza. Ila basi lilikwama kweli."