Gari Lisilobisha Hodi

Kuna watu hufika kwanza, habari zao zikafuata. Radi alikuwa kinyume chao. Habari zake zilitangulia, zimebebwa na bomba la moshi, yeye mwenyewe akaja nyuma kidogo.

Jina hilo hakupewa na wazazi. Alipewa na madereva wenzake wa kituo cha teksi, kwa sababu ya gari lake. Lilikuwa gari pana la rangi ya maziwa, refu kama chumba cha kupanga, na kiti chake cha mbele kilikuwa kimoja kizima, cha kukaa watu watatu kama kochi. Injini yake ikiwaka, kuku wa mtaa wa pili walinyanyua vichwa. Na mafuta lilikunywa kama mgeni aliyeambiwa asione haya. Radi alikuwa akipata abiria wengi tu, lakini alichokichuma kiliingia mfukoni kikatokea kwenye tangi.

Pale kituoni alikuwapo dereva mwingine, kijana kuliko yeye, waliyemwita Kimya. Huyu alikuwa na haibridi, yale magari yanayokwenda kwa petroli na betri kwa kusaidiana, kama wakewenza wanaopatana. Wawili hawa walibishana kila asubuhi kabla abiria hawajaanza kuja, na wenzao walisogeza viti ili wasikose neno.

"Mzee Radi," Kimya alianza siku moja, "gari lako likikata kona pale kituo cha mafuta, pampu zinachekelea."

"Acha zichekelee. Nani alikwambia furaha ni dhambi?"

"Mimi nikiweka mafuta leo, hadi nirudi tena wale wahudumu wameshanisahau sura."

"Mtu kusahauliwa, naye anajisifu!" Radi aliwageukia wasikilizaji. "Jamani, gari ni lile ambalo mtu akilisikia anajua gari linakuja. Hilo lake linanyemelea kama mwizi wa kuku."

"Lakini linafika."

"Hata mwizi wa kuku hufika."

Watu wakacheka. Ndipo Radi akatoa hoja yake kubwa, ile aliyoihifadhi siku zote mwishoni kama kipande cha nyama.

"Mimi nikifika darajani tu, mke wangu ananisikia. Nikiingia ndani, kiti changu kiko wazi, chai ina moto, redio iko kwenye taarifa ya habari. Hiyo ndiyo heshima ya mtu na nyumba yake. Wewe unaingia kwako kama paka. Mkeo anajuaje umefika?"

"Akiniona," alisema Kimya.

"Basi umeshachelewa!"

Hoja hiyo haikuwa utani. Radi aliiamini kwa moyo wote. Alikuwa mtu mpole kwelikweli, hajawahi kumnyanyulia mtu sauti, na huenda ndiyo sababu alilipenda gari lenye kuinyanyua kwa niaba yake. Binadamu ndivyo tulivyo. Mwenye sauti ndogo hununua mlango unaolia.

Sasa Radi alikuwa na binti, muuguzi, na binti huyo alikuwa amenunua haibridi yake mwenyewe. Kazini kwake wakampeleka masomoni kwa mwezi mmoja, mbali na nyumbani. Kabla hajaondoka alikuja na ufunguo.

"Baba, hili gari litumie mpaka nirudi. Ukilipenda, linabaki kwako, lile kuukuu liuzwe upumzike na mafuta. Usipolipenda, nalichukua langu, na suala la kuuza lile lako sitalitaja tena mpaka nizeeke."

"Hutalitaja tena?"

"Naapa."

Ahadi hiyo ya mwisho ndiyo iliyomvuta Radi. Binti alikuwa akilitaja kila Jumapili.

Siku ya kwanza barabarani ilikuwa ya aibu. Alimpakia mama mmoja muuza mayai, mteja wake wa zamani, mwenye trei za mayai mapajani. Walipofika kwenye taa nyekundu, injini ikanyamaza. Kimya kabisa. Radi akapata joto usoni. Akashuka, akafungua boneti katikati ya barabara, akainama humo ndani huku magari ya nyuma yakipiga honi na taa ikigeuka kijani, kisha nyekundu, kisha kijani tena.

"Limekufa," alimwambia yule mama dirishani. "Gari la watu, na limenifia mkononi."

"Halikufa, baba. Limepumzika. Hata la shemeji yangu hupumzika hivyohivyo. Ingia, ukanyage mafuta."

Akaingia, akakanyaga. Gari likaondoka bila kinyongo.

"Na nikwambie ukweli," mama aliendelea akikagua trei zake, "katika lile lako kubwa mayai yangu yalikuwa yanafika sokoni yameshakorogwa. Ilikuwa imebaki kutia chumvi tu."

Radi akapunguza mwendo kwenye tuta lililofuata, kwa ajili ya mayai.

Lakini kilichomuuma zaidi kilikuwa nyumbani. Jioni ile alikuta chai vuguvugu. Kesho yake redio ilikuwa kwenye muziki, na mkewe aliruka kuizungusha huku akitafuta masafa. Keshokutwa alikuta stuli imewekwa mbele ya kiti chake, na hakuna aliyeeleza inafanya nini pale. Radi akahesabu hayo yote moyoni, akajiambia: nilisema mimi. Heshima imeanza kuvuja. Mwezi ukiisha nitakuwa mpangaji humu ndani. Akaamua kwamba binti akirudi atamrudishia ufunguo wake kwa mikono miwili, na asante juu.

Kisha ikatokea siku ambayo yule mama wa mayai aliomba Radi ampeleke kwa dada yake, nyumba chache tu kutoka kwa Radi, mchana mweupe, saa ambazo Radi huwa yuko kituoni. Akaona si vibaya apite nyumbani kunywa maji. Gari likateleza mpaka ukutani kwake bila hata jani kujua. Akashuka. Alipofika karibu na dirisha la sebuleni, akasikia kicheko.

Hakukijua kile kicheko. Kilikuwa kinono, cha mtu asiye na haraka. Akachungulia penye pengo la pazia.

Mkewe alikuwa amekaa kwenye kiti chake. Si kukaa tu, alikuwa ameenea. Miguu juu ya stuli, kile kikombe kikubwa cha Radi mkononi, na redioni mchezo wa kuigiza ambamo mwanamume fulani alikuwa akibanwa na wake zake wawili. Chini, juu ya mkeka, alikaa jirani yao fundi cherehani, anapinda ukingo wa gauni, pini zimepangwa mdomoni.

"Hebu fanya tena," fundi alisema kwa upande mmoja wa mdomo. "Fanya anavyoingia."

Mke wa Radi akaweka kikombe chini, akasimama, akavuta tumbo mbele. Akakohoa mara mbili. Akadondosha funguo zisizokuwapo juu ya meza. Akasema kwa sauti nzito: "Habari za humu ndani?" Na kabla mtu hajafungua mdomo, akajijibu mwenyewe: "Nzuri," akaketi, akanyoosha mkono kupokea chai.

Fundi akaanguka ubavu. Radi pale dirishani alipandwa na hasira, na hasira ikaja na kikohozi. Akafungua mdomo akohoe, akakumbuka kwamba akikohoa atakohoa mara mbili. Akakimeza. Kilishuka kama mfupa.

"Na lile gari lake kuukuu nalikumbuka, mwenzangu," mkewe alisema, sasa bila mzaha. "Lilikuwa likianza kunguruma kule darajani, mimi nina nafasi ya kuinuka, kuosha kikombe, kurudisha redio na kukung'uta makombo. Lilikuwa linanionea huruma. Hili la binti halisemi kitu. Iko siku atanikuta hivi."

"Akikukuta, dada, kwani atasema nini?"

Radi alisogea karibu zaidi. Hilo naye alitaka kulijua.

"Sijui," mkewe alisema. "Tangu nimeolewa sijawahi kukaa mbele yake mchana nikanyoosha miguu. Hakunikataza. Sikumuuliza. Basi sijui."

Radi alirudi nyuma kwa ncha za vidole, mtu mzima anatoroka kwake. Akaingia garini, likaondoka kimya kama lilivyokuja, na kwa mara ya kwanza akalishukuru kwa hilo. Alipofika darajani akageuza, akapiga honi. Honi yenyewe ilikuwa nyembamba, pii, kama kifaranga. Akaipiga tena na tena mpaka watu wakatoka nje kuuliza arusi ni ya nani. Akaja polepole. Alipofika nyumbani hakuingia, akainama kukagua gurudumu lisilo na ubaya wowote, kisha la pili, mpaka akasikia vikombe vimetulia ndani.

Aliingia. Kiti kilikuwa wazi. Redio ilikuwa ikisoma habari. Chai ilikuwa na moto. Fundi cherehani alikuwa akishona kwa bidii ya ajabu. Radi alikohoa mara moja tu, na ilimgharimu. Akaketi, na kiti kilikuwa na joto kuliko chai.

"Habari za humu ndani?" aliuliza.

Akangoja.

Mkewe akamtazama fundi. Fundi akatazama sindano. Msomaji wa habari redioni alimaliza mambo ya mvua akaingia kwenye michezo, na Radi bado anangoja.

"Unaumwa?" mkewe aliuliza.

"Hapana. Nimeuliza habari."

"Nzuri."

"Za tangu asubuhi?"

Mkewe akaketi kwenye ncha ya stuli, kama mtu aliyeitwa shahidi, akaanza: mfereji uliokatika, jirani wa nyuma aliyegombana na fundi bomba, fundi bomba aliyesusa akaenda na koleo za watu. Habari zilikuwa nyingi. Nyingine zilikuwa za miaka iliyopita. Chai ikapoa kwenye kikombe cha Radi asijue.

Binti aliporudi alikwenda moja kwa moja kituoni, maana alijua kule atapata jibu mbele ya mashahidi.

"Haya, Baba. Unanirudishia gari langu?"

Radi alilizunguka lile gari lake kuukuu, lililokuwa limeegeshwa pale mwezi mzima, akalipapasa ubavu. Madereva wote walisogeza viti. Kimya alikuwa ameshaandaa maneno ya kejeli kwa jibu lolote litakalotoka.

"Liuzwe," alisema Radi. "Ila kiti cha mbele hakiendi."

Mnunuzi wa vyuma chakavu alilalamika kwamba hajawahi kununua gari lisilo na pa kukalia. Radi akamwambia hata akilipata na kiti, mafuta hatayaweza. Kimya akaleta spana, akalegeza nati huku akiguna, na yale maneno ya kejeli yakampotea kabisa kwa uzito wa kile kiti. Wakakibeba wanne mpaka nyumbani, kama wanampeleka mtu hospitali.

Kikawekwa sebuleni juu ya magogo mawili, kando ya kiti cha Radi. Mkewe alitoka jikoni akifuta mikono.

"Hiki cha nani?"

"Chako."

"Cha watu watatu?"

"Utanyoosha miguu."

Mkewe alikizunguka kiti, akakibonyeza kwa kidole, akakaa pembeni, kisha katikati. Akapandisha mguu mmoja. Akaushusha. Akamgeukia mumewe.

"Tangu lini," aliuliza, "unajua kwamba mimi hunyoosha miguu?"

Radi aliangalia dari, akaangalia mlango, akaangalia funguo zilizokuwa mkononi mwake. Akakohoa mara mbili.

Fundi cherehani, aliyekuwa mlangoni na kazi yake, ilibidi azitoe pini zote mdomoni kwanza ndipo acheke.