Sekunde Mbili za Starlet

Kwa miaka thelathini Morio Kosuge alipima mipaka ya mashamba ya watu katika mji wa Iiyama, Japani, na hakuna aliyewahi kumsikia akipandisha sauti, hata siku majirani wawili walipogombania mfereji wenye upana wa kiatu. Lakini ungetaja gari jipya mbele yake, ungejuta.

Alikuwa na Starlet ya mwaka 1997, ndogo, yenye turbo, nyepesi kama sanduku la viatu. Magari ya siku hizi, alihubiri, yana nguvu maradufu na bei mara saba, lakini yanajiendesha kwa kompyuta. Dereva ni abiria aliyeshikishwa usukani. Zamani gari halikumfichia mtu udhaifu wake. Alihubiri kwa kinyozi, akahubiri zahanati, na kwenye mazishi ya binamu yake alikuwa amefika kwenye gia ya tatu mkewe alipomfinya.

Mkewe, Fumie, alikuwa mwalimu mkuu mstaafu, mwanamke aliyejua kwamba jina la nyumba huchafuka haraka kuliko shati jeupe. Starlet ilikuwa imeanza kumchosha. Chumvi inayomwagwa barabarani wakati wa theluji ilikwisha kuitafuna sakafu yake, kodi ilipanda kwa sababu ya umri wa gari, na vipuri vilitafutwa kama dawa ya ugonjwa usiojulikana. Ukaguzi wa serikali ulikuwa Julai. Basi akamwekea mumewe sharti: Juni, kwenye mashindano ya kuzunguka koni za barabarani katika uwanja wa kuegesha magari kule juu mlimani watu wanakoteleza kwenye theluji, Starlet ikishindwa na gari jipya la aina yake kwa zaidi ya sekunde mbili, iuzwe.

Morio alikubali upesi, hata Fumie akashangaa. Hakujua kwamba kwa miaka sita hakuna gari jipya la aina hiyo lililokanyaga uwanja ule. Wote waliokuja walikuja na vizee kama chake.

Kisha binti yao Chinatsu akaposwa na kijana aitwaye Takuma Yabe. Familia mbili zilipokutana mezani, ikagundulika kwamba baba wa kijana, daktari wa meno, ana Yaris mpya kabisa, ile ya mbio, yenye kuvuta kwa magurudumu yote manne. Kama ilivyo adabu, kila mzee akashusha chake na kupandisha cha mwenzake. Morio alisema lake ni kopo la samaki lililosahauliwa mvuani. Daktari Yabe alisema lake ni fedha zilizotupwa na mzee asiyejua kuendesha, na kwamba Starlet ni johari. Hapo Morio akaisifu Yaris kwa maneno ambayo Chinatsu hakuwahi kuyasikia kinywani mwa baba yake, mpaka akamtazama kama ana homa. Chakula hakijaisha, daktari alikuwa amekwisha kualikwa kwenye mashindano ya Juni.

Walipofika nyumbani Fumie akasema kwa upole wa mwalimu mkuu, "Baba Chinatsu, usije ukamshinda mzazi mwenzetu mbele ya watu kabla ya harusi."

"Na gari langu je?"

"Hilo ni kati yako na gari lako."

Morio akalala juu ya jambo hilo, akaamka na hesabu. Yeye ni mpimaji. Atapima hata kushindwa kwake. Atashindwa kwa sekunde moja na nusu: heshima kwa mzazi mwenzake, gari kwa nyumba.

Siku ilipofika, kila dereva alikuwa na mizunguko miwili. Daktari alitangulia. Morio, saa mkononi, hakuamini macho yake: Yaris ile yenye nguvu za farasi mia tatu ilizipita koni kama bibi harusi anayeogopa kukanyaga pindo. Dakika moja na sekunde thelathini na moja. Daktari naye, kumbe, alikuja kushindwa.

Sasa Morio alipaswa kuwa mwepesi wa kuchelewa kuliko yeye. Alijitahidi sana. Alipomaliza, yeye alikuwa wa mwisho na daktari wa pili kutoka mwisho, wote wawili nyuma ya Kiyosawa, mkulima wa saladi aliyekuja na kigari chake cha kubebea makreti. Kiyosawa aliomba radhi kwa kila mtu.

Watu wakacheka, si kwa ubaya. Lakini Fumie alikunja mwavuli wake wa jua, akavuka uwanja na kuwainamia wazee wote wawili.

"Daktari, nisamehe. Kosa hili lilianza kwangu," alisema. "Kushindwa si aibu ya nyumba. Kuachiwa ushindi kama mtoto ndiyo aibu, na leo mmeachiana hadharani. Tafadhali endesheni."

Wakaendesha. Yaris iliondoka kama imesukumwa na mlima wenyewe. Hakuna tairi lililoserereka bure. Dakika moja, sekunde kumi na nne. Morio akafuata, meno yameumana, turbo ikipiga mluzi, gurudumu la nyuma la ndani likiinuka kila kona. Ulikuwa mzunguko bora wa maisha yake: dakika moja, sekunde kumi na saba.

Sekunde tatu kamili.

Alivua glavu, akazikunja moja ndani ya nyingine. Akamwambia Fumie kwamba Jumatatu atampigia simu mnunuzi wa magari ya mtumba. Neno ni neno. Fumie akaukunjua mwavuli wake na kuukunja tena, si kama mtu aliyeshinda.

Daktari Yabe ndipo alipousikia mkataba ule kwa mara ya kwanza. Akaomba, ikiwa si utovu wa adabu, aijaribu Starlet wakati wa mapumziko. Akaingia, magoti yakigusa usukani, akaondoka.

Morio aliona gari lake likifanya mambo ambayo hakuwahi kuyaona kwa miaka kumi na minane ya kulimiliki. Saa iliposimama, ilisema dakika moja, sekunde kumi na tano na nusu.

Kiyosawa alikuwa wa kwanza kusema. "Kwa hiyo sekunde moja na nusu inauzwa milioni nne za yeni na zaidi? Daktari, hiyo ni bei ya meno ya dhahabu."

"Njoo Januari, theluji ikiwa magotini," daktari alisema. "Utaniambia kama ni ghali."

Wote wakamgeukia Fumie. Alikuwa ameiangalia ile saa kwa muda mrefu, kama anavyoangalia karatasi ya mtihani anayotaka kuitendea haki.

"Tulikubaliana sekunde mbili za gari," alisema. "Gari limefaulu, libaki. Dereva ndiye ameanguka, na huyo siwezi kumuuza. Hata vipuri vyake havipatikani tena."

Morio alicheka pamoja na wengine, lakini masikio yake yalikuwa mekundu. Miaka yote alikuwa amehubiri kwamba gari la zamani halimfichi dereva, na sasa lilikuwa limemfichua yeye. Daktari alianza kusema zile za adabu, kwamba ni bahati tu, kwamba matairi yalikuwa yamepata joto. Morio akamkatiza, jambo ambalo hakuwahi kumfanyia mtu.

"Mzazi mwenzangu, niambie kweli. Nakanyaga breki mapema, sivyo?"

Daktari alitazama viatu vyake. "Mapema mno," akasema. "Kila koni."

Wakaenda kwa miguu mpaka koni ya tatu. Daktari alionyesha mahali kwa ncha ya kiatu, na Morio akapiga magoti kwenye lami, akaweka alama ya chaki. Ilikuwa hatua saba mbele ya pale alipokuwa akikanyaga breki tangu Chinatsu yuko shule ya msingi.